Asimame Tumwone

Neno erudite nililisikia mara ya kwanza nikiwa nimechuchumaa nyuma ya nyumba moja ya Bugene, kisu mkononi, utomvu wa ndizi umeniganda vidoleni mpaka vimekuwa vyeusi. Nililisikia kabla ya kuliona limeandikwa, na labda ndiyo sababu hadi leo nikikutana nalo kitabuni ninanusa maganda mabichi. Nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote ya kazi, nimestaafu, ninaishi Kayanga na kuku wangu na redio yangu, na katika maneno yote niliyowahi kuwaandikia watoto ubaoni, hilo ndilo nililokuwa nikilikwepa. Siku hizi limekuwa neno la bei rahisi. Mshereheshaji wa harusi anamwita bwana harusi erudite kwa kuwa tu ana shahada. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu kijana mmoja aliyejiita hivyo mwenyewe, chini ya picha yake, bila hata haya. Nilitaka nimpigie kijana huyo nimkaripie. Kisha, wiki ileile, nikapigiwa simu mimi, kutoka Muleba, nikaambiwa Ma Justa amefariki. Niliketi kwenye kigoda cha jikoni nikalia kama mtoto, maana kati ya sisi watatu tuliokula chungu kimoja mwaka mzima katika nyumba ile ya Bugene nilikuwa nimebaki mimi tu.

Habari za kwetu nitaziacha. Inatosha kusema kwamba nilitoka upande ambao siku hizi ni wilaya ya Kyerwa, kwamba shule ilikuwa mbali na nyumbani, na kwamba Mwalimu Damiani na mkewe Ma Justa walikubali nikae kwao mwaka wangu wa kidato cha tatu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vitatu na jiko la nje. Sebuleni kulikuwa na viti vya mbao visivyo na mito, na vitabu vimepangwa ndani ya makasha ya sabuni kuanzia sakafuni hadi dirishani, na kila Jumapili Ma Justa alitandaza nyasi mbichi chini ili mgeni akiingia akanyage mahali laini. Chumba changu kilipakana na chao. Ukuta haukufika juu kwenye bati, kwa hiyo nilisikia kila kitu: kikohozi, sala, Mwalimu akicheka peke yake na kitabu chake. Ma Justa alikuwa Mhaya, ametoka Muleba, na hilo "Ma" ndiyo heshima yetu kwa mwanamke mtu mzima. Hawakujaliwa mtoto. Sijui kama liliwauma. Sikuwahi kusikia wakilisema, na nilisikia mengi.

Jumamosi ilikuwa siku ya ndizi na ya vivumishi. Ma Justa na mimi tulimenya, Mwalimu akaketi kwenye gogo karibu nasi, miguu imenyooshwa, na akanipa neno moja tu la Kiingereza. Utaratibu wake haukuwa wa mtu mwingine yeyote niliyepata kumwona akifundisha. Hakuniambia maana moja kwa moja. Alieleza kidogo, halafu nikatakiwa nimtafute mtu, hapa hapa Bugene, mtu mwenye jina na mwenye mlango wake, anayelistahili neno hilo. Nisipompata, neno sikupewa. Sikuruhusiwa kulitumia kwenye insha hata kwa bahati mbaya. Kwa neno stingy, yaani bahili, nilimpata mtu upesi sana, Ma Justa akacheka mpaka kisu kikamdondoka. Erudite lilitushinda kwa wiki kadhaa.

"Ni mtu anayejua mambo kwa kina," alisema Mwalimu. "Ameyapata kwa kusoma. Amesoma sana na kwa muda mrefu, mpaka yamekuwa yake."

Nikamtaja mzee mmoja aliyejua koo zote za Karagwe na dawa za miti.

"Huyo anajua kuliko mimi," akasema. "Lakini hakuyatoa vitabuni. Ana neno lake jingine, zuri tu. Usimvike koti la mwenzake."

Nikamtaja mwanafunzi aliyeongoza darasa letu. "Huyo ana akili. Akili unazaliwa nayo." Nikamtaja padri. Mwalimu akafikiri, akatazama migomba. "Padri ana busara. Amesoma pia, ndiyo, lakini amesoma vya kumtosha kazi yake. Hili ni neno zito, Leokadia. Si la kila siku. Kitabu chaweza kuitwa hivyo, hotuba yaweza kuitwa hivyo. Ila mtu hajiiti mwenyewe. Anaitwa na wengine."

"Basi ni wewe, Mwalimu," nikasema.

 Ma Justa aliinua uso akamtazama mumewe, na nikaona anafurahi, kabisa, kwa macho na mabega. Mwalimu akainama, akaokota ganda la ndizi, akaligeuza mkononi. "Haya," akasema. "Nipe hicho. Hicho cha kukatia." Kisu kilikuwa mkononi mwangu. Nilimpa. Nilidhani ananitania, kwa sababu alikuwa mtu wa utani, na nikasubiri aniulize jina la kisu kwa Kiingereza. Alikuwa amelikosa kwa Kiswahili.

Ninaandika haya nikiwa na umri unaozidi wake wa wakati ule, na nikilikosa jina la kitu, hata la jirani ninayemwona mara moja kwa mwaka, moyo unaruka. Wakati ule sikuwa na hofu hiyo. Nilikuwa msichana mwenye afya na njaa, na niliona mambo bila kuyaunganisha. Niliona kwamba Mwalimu anasoma ukurasa uleule, anacheka palepale, na kesho yake anacheka tena. Niliona anasimama mlangoni mwa chumba chake akichungulia ndani kwa adabu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mwenye chumba. Mgeni akija, Mwalimu alimpa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi yetu; mgeni akachukua punje zake, wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani na za kibanja, yaani shamba la migomba, na kikapu kikaja tena, na salamu zikaanza upya toka mwanzo. Mgeni akachukua tena. Nani angekataa? Huku kwetu salamu ndefu ni ishara ya malezi, na mtu mkubwa akikupa kahawa mara tatu unaenda nyumbani ukisimulia ukarimu wake. Sikuona hata mmoja akishtuka.

Hicho ndicho kitu ninachokikumbuka kwa baridi mwilini. Kadiri Mwalimu alivyopotea, ndivyo watu walivyozidi kumheshimu. Zamani alikuwa msemaji, mbishi, mwepesi wa kumrekebisha hata mkuu wa shule. Sasa alikuwa ananyamaza. Ukimuuliza jambo anakutazama kwa utulivu, anaitikia kwa kichwa, anasema, "Endelea." Wakubwa wa kijiji waliokuja kumwomba ushauri walieleza shida yao, wakaambiwa "endelea," wakaeleza zaidi, na mara nyingi jibu wakalipata wenyewe katikati ya maelezo, wakashukuru. Njiani niliwasikia: "Yule mtu ni bahari. Ana elimu yule mpaka haisemeki." Nilibeba ndoo yangu ya maji nyuma yao na kujisikia fahari, kisha nikifika nyumbani namkuta Mwalimu ameketi sebuleni, koti amevaa, ananiuliza kama basi limeshafika.

Ma Justa alijua kabla ya wote. Asubuhi alipiga magoti kumfunga kamba za viatu, na wakati anafunga alimpa siku nzima, kwa sauti ya kawaida, kama umbea: "Leo ni Jumanne, Mwalimu. Una kidato cha tatu, halafu cha kwanza. Mkuu wa shule ni yuleyule mfupi. Leokadia utamkuta dawati la mbele." Na mimi nilikuwa dawati la mbele kweli. Aliyeniagiza nihamie huko ni yeye, Ma Justa, bila kunieleza kwa nini, na haikuchukua muda nikaelewa kazi yangu. Akisita katikati ya sentensi, nilinyoosha mkono na kuuliza swali ambalo ndani yake lilikuwamo neno analolitafuta. Alilidaka, macho yakang'aa, akaendelea mbele kwa ufasaha ambao mimi na digrii yangu sikuwahi kuufikia. Wenzangu walinichukia kwa maswali yangu. Walidhani najipendekeza.

Jikoni siku moja, tukichambua maharage, nilimuuliza Ma Justa kwa nini hatumpeleki Mwalimu hospitali. Alichambua kwanza, akatupa mawe.

"Tukienda hospitali watu watauliza anaumwa nini," alisema. "Nitawajibu nini? Anasahau? Mwanaume mzima, mwalimu, anasahau mpaka jina la mama yake? Huku hakuna ugonjwa wa namna hiyo, mwanangu. Kuna mwanamke aliyemlisha mumewe limbwata mpaka akawa zezeta. Na mwanamke mwenyewe ametoka mbali, na hana mtoto. Umeelewa?"

Nilielewa. Kuanzia hapo nilijua tunaficha nini na kwa nini. Hatukuwa tukiilinda sifa ya Mwalimu tu. Likijulikana, Ma Justa ndiye angehukumiwa, na hukumu yake ilikuwa imeshaandaliwa kabla hajatenda lolote.

Mtu wa kuitoa hukumu hiyo alifika wakati wa kuvuna kahawa. Alikuwa Felista, dada yake Mwalimu, mdogo wake wa kumfuata, kutoka Nyabiyonza. Nilimwita Shangazi. Simchukii, na nataka hilo lieleweke mapema, ingawa kwa miaka mingi nilimchukia. Alikuwa mwanamke mrefu, mchapakazi, aliyempenda kaka yake kuliko mtu yeyote duniani. Mwalimu ndiye aliyemfundisha kusoma, kwa kuchora herufi ardhini kwa kijiti. Alikuja kwa siku chache. Siku ya kwanza alimpa kaka yake mkono, naye akaupokea kwa heshima zote na kumuuliza, "Wa nyumbani hawajambo?" kama unavyomuuliza mgeni usiyejua anatoka wapi.  Jioni ile hakula. Alisema tumbo linamsumbua, na kesho yake akatafuta mafiga matatu, akayapanga nje chini ya paa la jiko, akaanza kupika chakula chake peke yake. Siku chache zikawa miezi.

Sijui kama msomaji ambaye si wa huku anaweza kuelewa ilivyo kula katika nyumba yenye moto wa aina mbili. Ma Justa alipakua ndizi na maharage, akaweka sahani ya Shangazi kama kawaida, kila siku, na kila siku akairudisha ikiwa haijaguswa. Shangazi aliutazama mkono wa Ma Justa tangu kwenye chumvi hadi mezani. Kaka yake akinywa uji, anasogea akaunusa. Nilimsikia akiongea na jirani upande wa pili wa ua, nikiwa ndani napiga pasi sare yangu.

"Kaka yangu hakuzaliwa hivi. Analishwa nini katika nyumba hii?"

"Lakini mbona watu wanamsifu? Wanasema amezama kwenye elimu."

"Amezama, ndiyo. Ila kuna aliyemsukuma."

Niliunguza kola. Ma Justa alikuwa chumbani akikunja nguo, na ukuta ni uleule usiofika juu. Alisikia kila neno. Alitoka, akaiona kola, akasema tu kwamba atashona nyingine.

Ndipo yakaja matayarisho ya wageni. Parokia ilikuwa na marafiki wa Ulaya waliotoa fedha za kujenga tangi la maji ya mvua pale shuleni, na sasa walikuwa wanakuja kulizindua. Mkalimani alikuwa Mwalimu Damiani. Hakuna aliyeuliza, alikuwa ametafsiri hotuba za wageni wote tangu shule ianze, na watu walikuja nusu kwa ajili ya wageni na nusu kwa ajili ya kumsikia yeye akizigeuza sentensi zao. Ma Justa alijaribu kusema kwamba mumewe ana mafua. Padri akamletea asali. Shangazi alikuwa akitazama tu, na nilijua anangoja nini. Kaka yake akivunjika mbele ya kijiji kizima, padri akiwepo, hatahitaji tena kumshawishi mtu.

Siku yenyewe ilinyesha manyunyu. Hilo lilitusaidia, kwa sababu nilipata sababu ya kusimama karibu naye na mwavuli. Ma Justa alikuwa amemvalisha koti la kijivu, amemweleza mambo ya siku hiyo mara nyingi, asubuhi na tena njiani, na tena pale chini ya miti ya shule, midomo yake karibu na sikio la mumewe. Mgeni aliyesema alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye kofia pana, na alisema taratibu. Mwalimu alianza. Sitasahau. Kiingereza kilikuwa bado kimo ndani yake, kizima, kama kitu kilichowekwa chumba kingine ambako moto haujafika. Mama yule alisema maneno ya kawaida ya shukrani, na kwa Kiswahili cha Mwalimu yakawa na mwendo na utani, na palipohitaji akachomeka Kinyambo, lugha yetu ya Karagwe, kwa ajili ya vikongwe, na watu wakapiga makofi. Nilianza kupumua. Nilimtafuta Ma Justa kwa macho, nikamwona ameketi na akina mama, viganja vimefungana. Shangazi alikuwa safu ya nyuma yake.

Mwishoni mgeni alimgeukia Mwalimu mwenyewe. Alisema kwamba katika safari zake amekutana na watu wengi, lakini hakutegemea kukutana hapa na mtu erudite kiasi hiki. Alilisema kwa kunyoosha mkono kumwelekea.

 Manyunyu yalipiga juu ya mwavuli. Aligeuka, akaniinamia, na kwa sauti ya mwanafunzi asiyetaka darasa zima lisikie akaniuliza, "Neno gani hilo?"

Nilimwambia. Nilimwambia kwa maneno yake mwenyewe, yale ya kwenye gogo, kwa sababu sikuwa na mengine: ni mtu anayejua mambo kwa kina, ameyapata kwa kusoma, amesoma sana na kwa muda mrefu, mpaka yamekuwa yake. Alisikiliza kwa makini sana. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeelezwa kitu kizuri kwa mara ya kwanza. Akainamisha kichwa kunishukuru, akanyooka, akautazama umati. Aliutazama polepole, safu kwa safu, kutoka kwa wazee walioketi mbele hadi kwa wanafunzi waliopanda kwenye ukuta.

"Mgeni anasema," akatafsiri, "kwamba hapa kwetu kuna mtu mwenye elimu ya kina, aliyesoma vitabu vingi. Mimi sijamwona. Labda amekaa nyuma." Akainua mkono kumsaidia mtu huyo asione haya. "Asimame tumwone."

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika hadi barabarani. Wanaume walipigana mabega, vigelegele vikapanda, padri alifuta machozi. Kwetu mtu hajisifu hadharani kwa jambo kama hilo, na kijiji kilidhani kimeona namna nzuri kuliko zote ya kuikwepa sifa. Mkuu wa shule akamtafsiria mgeni, mgeni naye akacheka na kupiga makofi. Mwalimu aliwatazama wanavyocheka, akatabasamu nao kwa adabu, na macho yake yakaendelea kutafuta. Mimi nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuyaona. Alikuwa anamtafuta kweli. Ma Justa hakucheka. Alikuwa ameuma upindo wa kanga yake. Na nyuma yake Shangazi alikuwa amesimama, anapiga makofi juu ya kichwa, analia kwa fahari.

Jioni ile Shangazi alikula. Aliketi mkekani, akavuta sahani aliyopakuliwa na Ma Justa, akala mpaka akaifuta kwa kidole. "Kaka yangu," alisema, "leo umenirudishia moyo." Ma Justa akamwongezea mchuzi. Asubuhi mafiga ya nje yalikuwa yamebomolewa, na kwa muda wa wiki chache tulikuwa nyumba ya kawaida. Nakumbuka wanawake wale wawili wakinyonyoa mbawa za senene, wale panzi wa kuliwa, pamoja barazani, mvua za mwisho wa mwaka zikianza, Shangazi akimfundisha Ma Justa namna wanavyowakaanga Nyabiyonza, Ma Justa akijifanya hajui. Nikiulizwa furaha ni nini nitataja baraza ile. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba jambo likishindikana kutokea mara moja halitatokea tena.

Tulikuwa tunakula senene hao hao. Mwalimu alitafuna, akaonekana kupendezwa, akamgeukia dada yake. Alimshika mkono. Siku hiyo alimjua, akamwita kwa jina la utotoni.

"Huyu mama anayenipikia," akamuuliza, kwa upole, ili asimuudhi mwenyewe, "ni wa nani? Ni mtu mwema. Lakini hana kwao?"

 Kisha Shangazi alitema alichokuwa anatafuna kiganjani mwake, akakitazama, akainuka.

Ukoo uliitwa. Walikaa sebuleni juu ya nyasi zilezile za Ma Justa, milango imefungwa, na mimi nikatumwa kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Niliporudi uamuzi ulikuwa umeshapita: Mwalimu atapelekwa Nyabiyonza kwa watu wake, akalishwe na damu yake. Hakuna aliyempiga Ma Justa wala kumtukana. Mzee mmoja hata alimwita "mama." Waliniruhusu nimsaidie Ma Justa kufunga sanduku la Mwalimu. Wakati gari linamsubiri mumewe, Ma Justa alimfuata Shangazi hatua kwa hatua uani, akisema haraka haraka: "Maharage yaliyolala hayapendi. Viatu mfunge wewe, hapendi kuambiwa afunge. Asubuhi mwambie ni siku gani, ila usimuulize. Felista, usimuulize." Shangazi hakugeuka. Mwalimu alipanda gari, akaniona, akaniuliza kama nimempata mtu. Nilisema ndiyo, Mwalimu, nimempata. Akafurahi. Mwaka uliofuata alikufa, na kwangu na kwa Ma Justa habari zilifika akiwa ameshazikwa.

Kamusi inasema neno hili ni la mtu mwenye elimu ya kina. Haisemi mpaka lini. Nimeifungua mara nyingi kuliko inavyostahili, nikitaka iniambie kama mtu ambaye elimu imemtoka bado neno hilo ni lake, au kivumishi nacho kinaondoka na kumwacha mtu na koti la kijivu. Shuleni kisa chake kinasimuliwa hadi leo. Nimekisikia kwenye mahafali, kimetolewa mfano wa unyenyekevu wa wasomi wa zamani, na walimu vijana wakinigeukia kwa kuwa nilikuwepo. Wananiuliza, "Kweli alisema hivyo?" Nasema kweli alisema. Wanacheka, nami naondoka mapema.

Tulimzika Ma Justa Muleba, kwenye kibanja cha kaka zake. Wasifu wake uliposomwa, ndoa yake ilipewa sentensi moja. Nilirudi kwa barabara ya juu, na badala ya kushuka Kayanga niliendelea hadi Rubwera, kwa sababu Shangazi Felista alihamia huko na nilijua bado yu hai. Sikuwa na mpango wa kumlaumu. Niliona tu kwamba mtu huyo naye anastahili kuambiwa na mtu, si na simu.

Nilimkuta uani kwenye nyumba yake ndogo nyuma ya maduka, amekuwa mfupi sasa, ameketi kando ya moto. Sufuria lilikuwa limekauka na ndizi zinaungua, nililiipua mimi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Leokadia. Niliyekaa kwa Mwalimu Damiani, Bugene."

"Aa, Leokadia wa Bugene." Alinitazama sana. Nilimwambia Ma Justa amefariki, kwamba tumemzika. Aliniuliza kama aliumwa muda mrefu, nikamjibu. Akauliza kama watu walikuwa wengi, nikamjibu.  Kisha akaniuliza mimi ni nani, nikasema tena, na nilipokuwa nasema niliona anauma mdomo. Alikuwa amejisikia akirudia.

"Wewe ulikula nao," alisema. "Alikuwa anamtilia kitu?"

"Hapana, Shangazi. Nilikula chungu hichohicho."

Aligeuza uso. Alichukua kijiti akasogeza makaa, ingawa sufuria halikuwepo tena juu yake.

"Ninasahau," alisema. "Imeanza mwaka jana. Majina kwanza. Sasa na njia ya kwenda kisimani." Akavuta kitenge mabegani. "Ninaishi peke yangu hapa, binti yangu. Ninanunua mwenyewe, ninapika mwenyewe, ninakula mwenyewe. Hebu niambie, wewe uliyesoma. Mimi ananilisha nani?"